Chumvi ya Bihogo na Kyasha

Emerance hakuwahi kuiona bahari, na mpaka leo hajaiona. Maji makubwa aliyoyajua ni ziwa Albert, alilolitazama utotoni kutoka vilima vya kwao, juu ya Kasenyi, kabla watu wenye silaha hawajapanda vilima vile na kuondoka na ng'ombe kumi na wanane wa baba yake. Bahari ilimfuata yenyewe Bunia, ndani ya kisanduku cha kioo cha lita sitini, na ilimfuata kwa sababu alikuwa anafagia nyumba ya watu.

Nyumba hiyo ilikuwa katika mtaa wa Lumumba. Aliyeishi humo alikuwa daktari wa kizungu wa shirika moja la misaada, na Emerance, mwanafunzi wa biolojia aliyehitaji senti za kutolea nakala za masomo yake, alimfanyia usafi kila Jumamosi. Madame, kama kila mtu alivyomwita, alikuwa amewaleta samaki wawili kwa ndege kutoka Kampala ndani ya mfuko wa plastiki. Walikuwa wadogo, rangi ya chungwa, na kila mmoja alikuwa na mistari mitatu myeupe. Mwezi wa pili wa mwaka 2025, habari za vita zilipozidi kutoka upande wa Kivu, shirika liliwaamuru wageni wake waondoke kesho yake. Madame alilia mbele ya kile kioo huku Emerance amesimama na ufagio mkononi, hajui aangalie wapi. Kisha akamwachia kila kitu: kioo, pampu ya hewa, kipimo cha joto, kipimo cha chumvi, kopo la chakula na nusu ndoo ya chumvi ya bahari. Alisema atarudi baada ya Pasaka. Wageni wakisema hivyo huwa wanamaanisha, wakati ule wanaposema.

Emerance aliwabeba samaki kwenye ndoo hadi nyumbani kwao, vyumba viwili vya kupanga vyenye ukuta wa udongo, alipoishi na baba yake tangu walipokimbia. Mama yake alikuwa amefariki mwaka wa kwanza wa ukimbizi. Alibaki muzee Adolphe, mtu aliyechunga ng'ombe tangu akiwa na miaka sita na ambaye mjini hakuwa na cha kuchunga. Kila alfajiri aliamka kama zamani, akavaa kofia, akachukua fimbo, akaenda mpaka kwenye lango la parseli, kile kiwanja walichopanga, na kusimama pale. Halafu alirudi akaketi. Majirani walikwisha kuzoea. Emerance hakuzoea.

Mali pekee aliyokuja nayo muzee ilikuwa jiwe la chumvi ya Katwe, ile inayovushwa kutoka Uganda kwa ajili ya mifugo. Lilikuwa na rangi ya udongo na uzito wa kama kilo tatu. Siku ya mashambulizi alikuwa ameteremka sokoni Kasenyi kulinunua, na aliporudi nalo begani hakukuta ng'ombe hata mmoja. Akalibeba hivyo hivyo kwa miguu mpaka Bunia. Sasa lilikaa chini ya kitanda chake ndani ya gunia, na kila mwezi alilitoa juani ili lisinyonye unyevu. Jirani yao Mama Madeleine, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Butembo, aliomba mara mbili amuuzie kwa ajili ya mbuzi wa kaka yake. Muzee alimwuliza ng'ombe wake wakirudi watalamba nini. Mama Madeleine, ambaye mdomo wake haukuwa na breki kwa mtu yeyote, siku hiyo alikwenda zake kimya.

Basi huyo ndiye mtu aliyeinama juu ya ndoo ya Emerance, akawatazama samaki kwa muda mrefu.

"Ni ya kukula?" aliuliza.

"Hapana, Papa. Ni ya kuchunga tu."

Jibu hilo, ambalo kwa mtu mwingine yeyote wa mtaa ule lingekuwa wazimu, kwake lilitosha. Aliuliza tu wanaishi kwa nini, na Emerance akamweleza kwamba hawa ni samaki wa maji ya chumvi, na chumvi ikikosekana wanakufa. Alisema hivyo kwa haraka, huku anatafuta mahali pa kuweka kioo. Maneno hayo aliyakumbuka baadaye, neno kwa neno.

"Chumvi ya Katwe?" muzee aliuliza.

"Hapana. Ya bahari. Iko mu hii ndoo."

"Chumvi ni chumvi," alisema muzee, na akainamisha kichwa kwa heshima, kwa kuwa sasa alikuwa amewaelewa wanyama hawa.

Mwalimu wa Emerance chuoni, Stéphane, aliposikia habari hizo alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Emerance alikuwa mwaka wa mwisho na hakuwa na mada ya kazi yake ya kumaliza masomo, ile wanafunzi wanayoita TFC. Wenzake walikuwa wanaandika juu ya mbu na mihogo. Stéphane alimwambia aandike jinsi mwanafunzi asiye na kitu anavyoweza kutunza samaki wa bahari hapa Bunia, kwenye baridi ya milimani, bila umeme wa kuaminika na bila duka la vifaa. Siku ya kutetea kazi, alisema, kioo kiletwe ukumbini na samaki wakiwa hai.

"Ukifika pale na samaki wazima, hakuna mutu atakuuliza swali mbili," alisema.

Kuanzia siku hiyo maisha ya Emerance yakafungwa kwenye maisha ya viumbe wawili wasiozidi urefu wa kidole chake. Akishinda, angekuwa na cheti, na kwa cheti angeomba kazi ya ualimu, na baba yake angeacha kusimama langoni na fimbo. Ndivyo alivyopanga. Hakumwambia mtu, ila mpango wenyewe ulikuwa huo tu, hakukuwa na mwingine.

Maji aliyapata juu ya mabati. Aliacha mvua inyeshe kwanza nusu saa ioshe vumbi na mavi ya ndege, ndipo akakinga na kuyakoroga na ile chumvi ya bahari. Chujio alilitengeneza kwa chupa ya plastiki, kipande cha sponji ya godoro na makaa yaliyosagwa. Pampu ilivuta umeme kutoka betri ya pikipiki iliyochakaa, iliyochajiwa na paneli ndogo ya sola aliyoazimwa na rafiki yake Ketsia. Kopo la chakula lilipoisha aliwasagia ndakala, wale dagaa wabichi wa ziwani, pamoja na kiini cha yai. Siku nyingine yai lilikuwa moja nyumbani, na kiini kilikwenda kwenye kioo, na ute ukaliwa na watu wawili. Mama Madeleine alisema hajawahi kuona nyumba ambayo samaki wanakula binadamu anatazama.

Lililomtesa zaidi lilikuwa baridi. Samaki wale walitaka joto la pwani, na Bunia alfajiri inaweza kumtetemesha hata mwenye koti. Emerance alijaza maji ya moto kwenye chupa, akazifunga vizuri na kuziweka zielee ndani ya kioo, kisha akakifunika chote kwa blanketi la mama yake. Alipima joto mara nne kwa siku, akaandika katika daftari. Sura ya pili ya kazi yake, ndefu kuliko zote, ilihusu chupa hizo, na aliionea fahari. Kwa miezi saba joto halikushuka hata mara moja chini ya mstari aliokuwa ameuchora kwa kalamu nyekundu.

Haikuwa kazi yake peke yake. Akiwa chuoni, chupa zilibadilishwa na muzee, kwa saa zake, bila kukosea. Ni yeye aliyewapa majina. Alisema mnyama wa nyumbani hawezi kukaa bila jina, ni aibu kwa mwenye nyumba. Mkubwa, mwenye rangi iliyokoza, alimwita Bihogo, jina la ng'ombe mwekundu. Mdogo, ambaye weupe wake ulianzia karibu na paji la uso, alimwita Kyasha. Alikuwa na ng'ombe wenye majina hayo kati ya wale kumi na wanane. Jioni aliwahesabu kwa kuwataja, si kwa kuwanyoshea kidole, kwa sababu wafugaji hawanyoshei mifugo kidole. Bihogo yupo. Kyasha yupo. Kisha alikwenda kulala ametulia, na ilikuwa zamani sana Emerance hajamwona baba yake akilala ametulia. Alfajiri alianza kusahau lango.

Jambo moja tu lilimkera muzee. Kila asubuhi aliona bintiye anamimina kwenye kioo kikombe cha maji ya mvua, matupu.

"Mama," alimwambia siku moja, kwa namna baba wa huku anavyomwita binti yake akimpenda, "weye ulisema hii samaki inaishi na chumvi."

"Ndiyo, Papa."

"Sasa kila siku uko namwaga maji ya mvua. Chumvi iko wapi?"

"Chumvi inabakiaka mule ndani, Papa. Maji tu ndiyo inapanda na joto. Niko narudisha ile maji yenye imeenda."

"Hm," alisema muzee.

Emerance aliichukua hiyo kama kukubali. Angemjua vizuri zaidi angejua kwamba baba yake hakukubali chochote katika maisha yake kwa kusema hm. Mtu huyu alikuwa amewanywesha ng'ombe maji ya chumvi kwa miaka hamsini, na ng'ombe aliyenyimwa chumvi alimtambua kwa mbali: manyoya yanasimama, anajitenga, anakataa majani. Alinyamaza kwa sababu binti alikuwa ndiye mwenye masomo. Lakini hakuacha kutazama.

Jumanne ya wiki iliyotangulia siku ya kutetea, Emerance alikwenda chuoni kukabidhi nakala za kazi yake. Mchana milio ya risasi ilisikika upande wa kwao, wenye pikipiki wakakataa kuvuka, na maduka yakafungwa. Alilala kwa Ketsia. Alimpigia baba yake simu, akamwambia aendelee na chupa, naye akaitika kwamba maji ya chupa yapo motoni. Jumatano mvua ilinyesha kutwa na barabara ilikuwa bado imefungwa. Bila jua paneli haikuchaji, betri ikalegea, pampu ikaanza kutoa kipovu kimoja kimoja. Simu ya muzee nayo ikazimika. Emerance alikaa dirishani kwa Ketsia akiitazama mvua na kuichukia.

Alifika nyumbani Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Baba yake alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya kioo, kofia magotini. Blanketi lilikuwa limekunjwa pembeni. Bihogo na Kyasha walielea ubavu ubavu, matumbo yamegeukia juu, na maji yalikuwa na ukungu wa rangi ya udongo.

"Walianza kujitenga jana," muzee alisema bila kugeuka. "Walienda mu kona. Walikataa kukula. Nikajua ni nini."

"Ulifanya nini, Papa?"

"Niliwapa chumvi."

Akamwonyesha gunia. Jiwe lilikuwa limepasuliwa, na karibu nalo kulikuwa na kinu na unga wa mwisho mwisho. Alikuwa ameponda sehemu yake asubuhi, akaikoroga kwenye beseni mpaka ikayeyuka yote, kama alivyowafanyia ng'ombe, na akaimimina taratibu ili asiwashtue. Miaka minne hakuna aliyelimega jiwe hilo.

Emerance alichukua kipimo cha chumvi kwa sababu hakujua mikono yake ifanye nini kingine. Alichota maji. Sindano ilipanda ikaupita mstari wa bahari, ikaendelea mpaka namba ya mwisho kabisa, elfu moja na arobaini, na ingepanda zaidi kama kipimo kingekuwa na nafasi. Akaiandika namba kwenye daftari, pamoja na saa na tarehe, kwa kuwa mkono ulikuwa umezoea. Joto nalo alilipima. Lilikuwa sawa. Muzee hakukosa chupa hata moja.

Kwa muda alimchukia baba yake. Lazima lisemwe, kwa sababu yeye mwenyewe hajalisahau. Alisimama nyuma ya kile kichwa chenye mvi na akaona miezi saba, viini vya mayai, kazi ya ualimu, vyote vimemiminwa na beseni moja, na alitaka kupiga kelele mpaka Mama Madeleine aje mbio. Kisha muzee akasema, kwa sauti ya chini, kwamba Kyasha ndiye aliyetangulia kufa, na Bihogo akamkaa karibu mpaka mwisho. Akapangusa macho kwa kofia.

"Ni baridi, Papa," Emerance alisema. "Mvua ilinyesha siku mbili. Ni baridi iliwaua."

Muzee aliwatoa majini kwa viganja vyake. Aliwazika nyuma ya nyumba, chini ya mgomba, ndani ya kipande cha gunia la chumvi.

Kesho yake Stéphane alipokea daftari, akasoma ukurasa wa mwisho, akaweka kidole juu ya namba.

"Mille quarante? Emerance, nani ametia chumvi mu hii maji?"

Emerance alivuta daftari kwake. Stéphane si mjinga, na babu yake mwenyewe alifuga.

"Ni muzee," Stéphane alijijibu mwenyewe.

"Monsieur, usiandike jina yake," Emerance alimwomba.

"Siandiki mimi. Weye ndiye utaandika. Sikiliza. Joto iko sawa mpaka siku ya mwisho. Njia yako haina kosa. Samaki yenye imekufa na sababu inajulikana, na chiffre, namba yenyewe, iko, ile ni matokeo, jury itakubali. Useme tu ukweli: mutu alitia chumvi ya ng'ombe kwa kutojua. Dakika moja, inaisha. Lakini ukisema baridi, unaua sura ya pili na mikono yako."

Emerance alirudi nyumbani akiwa ameamua kusema kweli. Alimkuta baba yake anapiga pasi ya makaa juu ya koti lake la kahawia, lile alilozikia mke wake. Alikuwa ameuliza siku na saa kwa majirani, kwa maana wazazi hualikwa ukumbini kazi ikitetewa, na alisema hata kama samaki hawapo, mzazi hawezi kukosa.

Ukumbi ulijaa Jumatatu ile. Muzee Adolphe aliacha fimbo mlangoni, akaketi safu ya mbele, kofia magotini, akimtazama kila anayesema kwa Kifaransa kana kwamba anamfuata neno kwa neno. Hakufuata. Lakini kulikuwa na maneno machache aliyoyajua tangu ujana wake, kwa kuwa yaliandikwa kwenye magunia na kutajwa na wafanyabiashara, na moja lilikuwa sel. Emerance alijua kwamba baba yake anajua kuwa neno hilo ni chumvi. Alisoma sura ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Mwenyekiti wa jury, lile jopo la walimu, alivua miwani.

"Samaki wako walikufa kwa sababu gani, mademoiselle?"

Neno lilikuwa mdomoni. Emerance alimtazama Stéphane, aliyekuwa ameinamisha kichwa kidogo kama anayemsukuma. Kisha akaitazama safu ya mbele, lile koti lililopigwa pasi. Kulisema kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Halafu baba yake angetembea nalo mpaka kaburini kwamba alichokiokoa kutoka vilimani, akakibeba kwa miguu na kumnyima kila mtu, ndicho kilichoua.

"Baridi," alisema. "Le froid."

Mwenyekiti alifungua sura ya pili, akasoma kwa sauti mistari miwili juu ya chupa, akafunga kitabu.

"Kwa hiyo njia unayotupendekezea haifai."

"Haifai, Monsieur."

Stéphane akaweka kalamu chini na hakuichukua tena. Waliporudi kutoka chumba cha pembeni, matokeo yalisomwa kwa ufupi: kazi imekataliwa, mwanafunzi aanze upya mwaka ujao. Muzee Adolphe, aliyeona watu wengine wakipigiwa makofi kabla ya hapo, alipiga makofi. Alikuwa peke yake, na aliendelea mpaka mtu mmoja nyuma akamwambia, Muzee, inatosha.

Walirudi kwa miguu. Tope la mvua lilikuwa limekauka barabarani na kuacha mifereji, na muzee alitembea akipima kila hatua kwa fimbo.

"Wamesema nini?" aliuliza.

"Nirudilie mwaka kesho."

"Ni juu ya samaki?"

"Ni juu ya baridi, Papa."

Muzee aliuvuka mfereji mmoja kwa fimbo.

"Baridi hapana, mama. Niliona na macho yangu. Ilikuwa kukosa chumvi. Nilijua tangu zamani, nikaogopa kukukatalia juu uko na masomo. Nilichelewa." Akasimama, akamshika bega. "Lakini usilie. Sikuponda yote. Nusu iko chini ya kitanda. Mwaka kesho utaleta ingine, na siye tutaipa chumvi mapema, tangu siku ya kwanza."

Pikipiki zilikuwa zinapita nyingi mahali pale. Emerance alimshika mkono ili wavuke.

"Ndiyo, Papa," alisema. "Tutaipa mapema."